Fisi maji wa Naivasha mwenye meno ya rangi ya chungwa: Mzee alikuwa anatudanganya?

Mwana wa Karagita
Wakuu, salamu. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi ulioanza nikiwa darasa la tano.

Mzee wangu alizaliwa 1956 na alikulia kando ya Ziwa Naivasha. Babu alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu, na nyumba za vibarua zilikuwa karibu na maji kiasi kwamba usiku unasikia viboko wakikata nyasi. Sisi tulipokuwa wadogo, stima ikipotea, baba alitoa hadithi za ziwa, na katika hizo kulikuwa na fisi maji. Kwa maelezo yake, fisi maji wa Naivasha alikuwa na ukubwa wa mbwa mdogo, manyoya ya hudhurungi, masharubu meupe, mkia mrefu wa mviringo kama wa panya, na meno ya mbele ya rangi ya chungwa, "kama mtu aliyetafuna karoti akasahau kusukutua". Na hakuwa anakula samaki. Alikuwa anakula mayungiyungi. Jioni unamkuta amekaa juu ya mafunjo yaliyolala, ameshika mzizi kwa mikono miwili kama mtoto na hindi la kuchoma.

Basi darasa la tano mwalimu akatuonyesha kitabu chenye picha ya fisi maji. Meno meupe makali, mkia mnene, mdomoni ana samaki. Nikarudi nyumbani mbio kumwambia baba kitabu kinasema fisi maji hali majani. Akaniuliza, "Hicho kitabu kilikuwa Naivasha?" Ubishi ukaishia hapo, maana mlipa karo alikuwa yeye.

Sasa wiki iliyopita wanangu walikuwa wanatazama video za kapibara kwenye simu. Mzee akachungulia, akanyamaza kidogo, akasema: "Huyo amefanana na fisi maji wetu, ila wetu alikuwa na mkia."

Tangu siku hiyo sina amani. Kulikuwa na kapibara Naivasha? Au mzee amechanganya mambo?

Chizi wa Mbezi
Mzee aliona panya buku. Panya buku akishiba viazi vya Kinangop anafika saizi hiyo hiyo. Hadithi imekua na mwenye hadithi. Kesi imefungwa, nawadai kahawa.

Nahodha Mstaafu
Panya buku si mnyama wa majini, Chizi.

Lakini fisi maji nao nawajua vizuri, nimekaa Mwanza miaka. Fisi maji ni mla nyama. Ziwa Victoria wavuvi wanamchukia kwa sababu anapasua nyavu na kuchukua samaki walionasa. Mwili mrefu laini kama nyoka mnene, mkia mpana shinani na mwembamba mwishoni. Ukimpa yungiyungi atakushangaa. Kwa hiyo kwa heshima zote kwa mzee, huyo hakuwa fisi maji. Alikuwa kitu kingine.

Bi Mkubwa wa Kijichi
Na kapibara pia hakuwa. Kapibara mkubwa anafika kilo hamsini, sitini. Yaani mbuzi wa kuchinja kabisa, hakuna mtu atakayemwita "mbwa mdogo". Na mkia hana wa kuonekana. Kwao ni Amerika ya Kusini, kwenye mito na mbuga zinazofurika.

Jina lenyewe nalipenda. Limetoka kwa Watupi wa Brazili, na ukilifungua ndani yake kuna jani, kuna wembamba, kuna kula. Mla majani membamba. Mreno akalisikia akaandika capivara, dunia ikapokea. Walichokosea ni wasomi wa Ulaya: Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga viumbe kwa makundi, alipomwingiza kwenye orodha yake mwaka 1766 alimweka pamoja na nguruwe! Mpaka leo jina la kisayansi, Hydrochoerus, ni Kigiriki cha "nguruwe wa maji". Mtupi aliyeishi naye alitazama anakula nini. Aliyekaa mezani Sweden alitazama umbo.

Ila swali la Mwana wa Karagita bado liko hewani. Mgugunaji wa majini, mkia wa mviringo, meno ya chungwa, Kenya, miaka ya sitini. Nani anajua?

Daktari wa Punda
Mimi. Samahani nimechelewa, nilikuwa nazalisha ng'ombe huko Njoro na mtandao wa huko ni wa kuomba Mungu.

Mwana wa Karagita, mzee wako hakudanganya hata neno moja isipokuwa jina. Huyo ni koipu. Yupo kwenye maandiko ya wataalamu wa ziwa lile, sema watu wengi waliozaliwa baada ya 1980 hawajawahi kumsikia, hata Naivasha kwenyewe.

Koipu ni mgugunaji wa Amerika ya Kusini: Chile, Argentina, Uruguay, kusini mwa Brazili. Uzito wake kati ya kilo tano na tisa. Meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa kwa sababu gamba lake lina madini ya chuma, yanayolifanya ligumu. Karoti haihusiki, mwambie mzee. Miguu ya nyuma ina ngozi katikati ya vidole kama bata, ila kidole kimoja kiko huru. Na kuna kitu kimoja ambacho sisi wa mifugo hukikumbuka daima: chuchu za jike haziko tumboni. Ziko ubavuni, juu, karibu na mgongo. Mama anaelea kwenye maji na watoto wananyonya bila kuzama.

Aliletwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950 na walowezi, kufugwa kwa ajili ya ngozi. Manyoya yake ya chini ni laini sana na Ulaya yalikuwa na soko la makoti. Biashara haikufika mbali, lakini wanyama walitoroka. Mgugunaji anayeogelea, umemfungia kwa waya na mbao! Wakashika njia ya maji huko juu, Ziwa Ol Bolossat, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 wakawa Naivasha.

Mayungiyungi aliyoyataja mzee ni ushahidi tosha. Naivasha ya zamani ilikuwa na mayungiyungi ya buluu ukingoni, watalii walikuwa wanayapiga picha. Yalipotea, na koipu ni mmoja wa washukiwa. Mwingine ni kamba mwekundu wa Louisiana aliyetiwa ziwani mwaka 1970. Kisha juu ya maji likatanda gugu la salvinia, asili yake Brazili. Ukijumlisha na samaki aina ya bass walioletwa kutoka Marekani tangu miaka ya 1920, utaona kwamba kuna kipindi mtu angeweza kukaa ukingoni mwa Naivasha akatazama Amerika mbili zikila ziwa la Kenya.

Leo koipu hawapo tena Naivasha.

Mwana wa Karagita
Nimesoma hii mara tatu. Meno ya CHUMA. Miaka thelathini namwona baba mwongo.

Sasa Daktari, kama kila kitu ni kweli isipokuwa jina, hilo jina alilitoa wapi? Huwezi kumwona mnyama anatafuna majani kila jioni ukamwita jina la mla samaki.

Kaka wa Nidda
Ngojeni kwanza. Hebu nione kama tunaongelea mnyama mmoja.

Niko Frankfurt. Kuna mto unaitwa Nidda, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na huko wapo wanyama hawa hawa, kabisa. Meno ya chungwa, masharubu meupe, mkia wa panya. Wazee wa Kijerumani wanawaletea karoti na tufaha, wanawaita kwa majina kama paka. Lakini hapa hakuna anayesema koipu. Wote wanasema Nutria. Na mke wangu, ambaye ni Mkolombia, siku ya kwanza kumwona alibisha na bango la manispaa. Akasema huyu si nutria, nutria ni yule anayekula samaki kwao mtoni.

Nikafikiri ni mambo ya lahaja nikaachana nayo. Sasa nikisoma uzi huu nimeanza kuwashwa.

Mpiga Kamusi
Kaka wa Nidda, mkeo ametoboa uzi mzima bila kujua. Wakuu kaeni chini.

Nutria kwa Kihispania ni fisi maji.

Narudia kwa waliosimama nyuma. Neno hilo linatokana na Kilatini lutra, ambaye ni fisi maji, mla samaki, yule yule wa Nahodha. Wahispania wanaye kwao tangu enzi na enzi. Walipofika Río de la Plata, kule Argentina na Uruguay ya leo, wakaona kichwa chenye masharubu kinakata maji jioni, manyoya yanang'aa, mkia unafuata nyuma. Wakasema: nutria. Hawakungoja atoe meno.

Wenyeji walikuwa na majina yao. Waguarani walimwita kwa jina ambalo leo Waargentina wa kaskazini-mashariki wanaliandika quiyá. Upande wa pili wa milima, Chile, Wamapuche walimwita koypu. Hilo la Wamapuche ndilo lililobahatika, kwa sababu ya mtu mmoja: Juan Ignacio Molina, padri Mjesuti mzaliwa wa Chile. Mfalme wa Hispania alipowafukuza Wajesuti kwenye makoloni yake mwaka 1767, Molina akaishia Bologna, Italia. Huko, mbali na nyumbani, akaandika kitabu cha mambo ya asili ya Chile, kikatoka 1782 kwa Kiitaliano. Mnyama wetu akamwita Mus coypus. Yaani panya, halafu akamwachia jina alilopewa na Wamapuche. Miaka kumi baadaye Robert Kerr, Mskoti, akaunda jina la jenasi, Myocastor: Kigiriki cha "panya" kimegandishwa na "biva", yule mnyama wa kaskazini anayeangusha miti kwa meno na kujenga bwawa. Kwa hiyo jina lake kamili la kisayansi ni panya-biva wa Kimapuche.

Sasa sikilizeni utamu. Kwa kuwa jina la nutria lilishachukuliwa na mla majani, fisi maji halisi wa Argentina alibaki bila jina. Walimpa lipi? Lobito de río. Mbwa mwitu mdogo wa mto!

Waswahili tukasema fisi wa maji, wao wakasema mbwa mwitu wa mto. Hakuna aliyemwiga mwenzake.

Chizi wa Mbezi
Subiri subiri. Kwa hiyo baba yake huyu jamaa, Naivasha, bila kujua Kihispania, amemwona mnyama yule yule, akafanya kosa lile lile la Mhispania, akampa jina lile lile?

Mpiga Kamusi
Lile lile. Neno kwa neno.

Chizi wa Mbezi
Naondoa hoja ya panya buku. Kahawa nalipa mimi.

Nahodha Mstaafu
Mimi bado nina swali moja tu. Wamapuche walimaanisha nini kwa koypu? Bi Mkubwa ametupa kapibara, mla majani. Huyu je?

Mpiga Kamusi
Koypu ni jina lake tu, Nahodha, kama vile kwetu punda ni punda. Kuna majina unayafungua ukakuta maneno ndani, kuna mengine ukiyafungua unakuta mnyama mwenyewe. Mapuche lenyewe linafunguka: mapu ni ardhi, che ni watu. Na lugha yao, Mapudungun, ni usemi wa ardhi.

Ole wa Suswa
Mkiwa mnafungua majina, fungueni na la ziwa. Naivasha si neno. Wamaasai walisema Nai'posha, maji yanayochafuka, kwa sababu mchana upepo ukishuka ziwa linapiga mawimbi ghafla na mtumbwi unageuka. Mwingereza akasikia vibaya, akaandika anavyojua. Kwa hiyo mnajadili mnyama mwenye jina la makosa kwenye ziwa lenye jina la makosa. Endeleeni.

Daktari wa Punda
Na neno "panya" nalo ni kosa, kwa taarifa yenu. Nimevumilia tangu juu.

Wote wanamwita panya: Molina panya, Waholanzi panya-biva, Wabrazili wanasema ratão-do-banhado, panya mkubwa wa kinamasi. Lakini kwa ukoo, koipu yuko mbali na panya wa dukani kwako. Ndugu zake wa karibu ni wale wagugunaji wa Amerika ya Kusini: simbilisi, kapibara na wenzao. Na ukipanda mti wa ukoo hatua chache juu, unawakuta wa kwetu: nungunungu, ndezi na fuko wa mchangani. Kwa maneno mengine, ndezi unayemtega kwenye miwa ni ndugu wa koipu kuliko panya buku. Utaona hata mtoto wake. Panya anazaliwa uchi, kipofu, mwekundu kama kidole. Koipu anazaliwa na manyoya, macho wazi, na muda si mrefu anaogelea. Mimba inachukua takriban siku 130, anakaa tumboni mpaka aive.

Mama Furaha wa Bukavu
Simbilisi munasema ni ule kobayi? Huku kwetu watoto wanafuga kobayi jikoni, chini ya moto, tunakula. Sasa mimi napenda kuuliza: huyo koipu, nyama yake iko namna gani? Hakuna hata mmoja mwenye ameuliza, munapiga tu kamusi.

Mtoto wa Bayou
Mama Furaha, swali la maana kuliko yote. Niko Louisiana mwaka wa kumi na moja, nimekula. Iko kati ya sungura na paja la kuku wa kienyeji. Ukiikaanga na vitunguu na pilipili huwezi kujua. Lakini Wamarekani wengi hawagusi, maana wameshaona mkia. Wafaransa mpaka wanaitengenezea pate ya kwenye kopo, wanamwita ragondin.

Huku jina ni nutria, na ni kama tusi. Waliingizwa kwa ajili ya ngozi, miaka ya 1930 wakawa wamefugwa hapa, kisha wakatoka. Inakadiriwa mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa milioni ishirini kwenye vinamasi vya pwani. Shida yao ni moja: hawali majani ya juu tu, wanachimba mpaka mizizi. Na kwenye delta kama hii, mizizi ndiyo inayoshika udongo. Mizizi ikiisha, bahari inaingia, kinamasi kinageuka maji matupu na hakirudi.

Wakati ngozi ina bei, wategaji waliwapunguza. Soko la manyoya lilipoanguka miaka ya 1980, basi. Mwaka 2002 serikali ya jimbo ikaanzisha mpango wa kulipa kwa mkia. Dola nne, baadaye tano, tangu 2019 dola sita. Unaua, unakata mkia, unapeleka kituoni, wanahesabu. Lengo ni mikia mpaka laki nne kwa msimu. Jirani yangu mmoja hutoka na mashua alfajiri, na kwenye friji yake ya garini kuna mikia imefungwa mafungu mafungu kama mchicha.

Na miaka ya 1990 kule wilaya ya Jefferson, pembeni mwa New Orleans, sherifu wao Harry Lee alituma kikosi chake cha walenga shabaha kuwapiga risasi usiku kwenye mifereji ya mji, kwa sababu walikuwa wanabomoa kingo. Askari wa kupambana na majambazi, wamekaa nyuma ya pikapu na taa, wanawinda wala nyasi.

Nahodha Mstaafu
Nilisikia walioleta ni wale wenye pilipili ya chupa, Tabasco. Kwamba kimbunga cha 1940 kilivunja vizimba vyao.

Mtoto wa Bayou
Hiyo kila mtu anaisimulia hapa, na yenyewe iliwahi kuchapishwa mpaka watu wakaona ni historia. Ni kweli E. A. McIlhenny wa Avery Island, wa ukoo wa Tabasco, alifuga nutria. Lakini hakuwa wa kwanza. Wa kwake aliwanunua mwaka 1938 kutoka kwa mtu aliyekuwa tayari anawafuga hapa hapa Louisiana. Na wengine aliwaachia mwenyewe kwa makusudi. Kimbunga kimesingiziwa.

Bi Mkubwa wa Kijichi
Hebu tuone kama nimeelewa. Kamba wa Louisiana aliletwa Naivasha. Nutria wa Argentina alipelekwa Louisiana na Naivasha pia. Kwa hiyo kamba wa Louisiana, alipotiwa kwenye ziwa la Kenya mwaka 1970, alimkuta hapo mnyama yule yule aliyekuwa anamlia kinamasi chake nyumbani?

Mtoto wa Bayou
Sikuwahi kuliwaza hivyo. Ndiyo.

Shangazi wa Norwich
Nimekaa kimya nikisoma, lakini sasa mmefika kwangu. Naishi Norwich, mashariki mwa Uingereza, na huku majirani zangu wazee hawasemi nutria kabisa. Wanasema coypu. Na hiyo ndiyo sababu Daktari naye amesema koipu, kwa sababu walowezi walioleta Kenya walikuwa Waingereza.

Waingereza waligawa. Ngozi iliitwa nutria, mnyama akaitwa coypu. Bibi wa London alivaa koti la nutria. Mtu wa Norfolk aliyelinda shamba lake la viazi-sukari alitega coypu. Wamarekani hawakugawa, wakachukua jina la koti wakampa na mnyama. Mimi nadhani, na hili ni langu, kwamba wauza makoti walijua walichokuwa wanafanya. Manyoya ya fisi maji ni ya bei. Nani atanunua koti la panya wa kinamasi? Hata ngozi yenyewe huchanwa mgongoni, si tumboni kama za wanyama wengine, kwa sababu manyoya mazuri ni ya tumboni. Na hiyo ni kwa sababu ya zile chuchu za ubavuni alizotaja Daktari, tumbo limebaki safi bila tundu.

Huku walifika 1929, wakatoroka kama kawaida yao, wakatoboa kingo za mito na kula mazao. Mwaka 1981 serikali ikaajiri wategaji 24 na kuwapa miaka kumi. Na kwa sababu walijua mtegaji hawezi kuua kazi yake mwenyewe, waliwaahidi bonasi kubwa, mpaka mshahara wa miaka mitatu, kama watammaliza kabla ya muda. Januari 1989 ikatangazwa wamekwisha. Ukitaka kujua jinsi ya kumaliza kitu, mlipe mtu kwa kumaliza, si kwa mkia.

Mtoto wa Bayou
Shangazi umenipiga palepale. Jirani yangu asingependa kusoma hiyo.

Daktari wa Punda
Marekani nako wameweza, sema si Louisiana. Eneo la ghuba ya Chesapeake, upande wa Maryland, walitangaza 2022 kwamba nutria wamekwisha, baada ya miaka ishirini ya kuwasaka kwa mitego na mbwa.

Shangazi, viazi-sukari ni vipi? Ni beti wa sukari?

Shangazi wa Norwich
Hao hao. Kiswahili changu kimekaa kwenye baridi muda mrefu.

Kaka wa Nidda
Swali la mwisho kabla sijalala. Kwa Kiswahili tumwiteje? Kuna siku mtoto wangu ataniuliza pale mtoni. Siwezi kusema fisi maji, Nahodha atanitafuta. Nutria nayo ni fisi maji kwa mlango wa nyuma. Panya biva, Daktari amekataa.

Chizi wa Mbezi
Ndezi maji. Imekwisha hiyo.

Mpiga Kamusi
Chizi, kwa mara ya kwanza tangu nikufahamu umesema kitu chenye akili. Kwa ukoo ni sahihi, na kwa muundo kinafuata fisi maji. Lakini mimi nitabaki na koipu. Jina limetoka kwa watu waliomjua, na mdomo wa Mswahili unalitamka bila kujikwaa.

Ole wa Suswa
Ndezi maji. Nampigia Chizi kura.

Mama Furaha wa Bukavu
Mimi nangojea mapishi.

Mwana wa Karagita
Wakuu, nimerudi. Jana Jumapili nilienda kwa mzee. Nilimpa simu nikamwonyesha picha ya koipu bila kusema neno. Akaitazama, akavua miwani, akavaa tena. Akasema, "Fisi maji." Kisha akamwita mama kutoka jikoni aje aone.

Nikamwambia kila kitu. Walowezi, vizimba, Ol Bolossat. Akasema vizimba hakuviona, ila babu alikuwa anasimulia kwamba mzungu mmoja huko juu alikuwa anafuga panya wa kuvaa, na vibarua walikuwa wanacheka mpaka machozi. Nikamwomba msamaha wa darasa la tano. Akasema alishasahau. Mama akasema hakusahau.

Halafu nikamuuliza lile swali langu: jina la fisi maji mlilitoa wapi, na mlikuwa mnamwona anakula majani kila siku?

Akasema si wao waliolitoa. Watu wa kwao hawakuwa na jina lake, walikuwa wanasema tu "wale wa mafunjo". Jina lilikuja na wavuvi. Wavuvi waliotoka Nyanza kufanya kazi Naivasha walikuwa wanamjua fisi maji wa ziwa lao. Walimwona huyu jioni ya kwanza, kichwa tu juu ya maji, wakasema ahaa, hata huku yupo. Wakaanza kuinua nyavu zao mapema asiwapasulie. Watoto wa kambini wakachukua jina kutoka kwa wavuvi, kwa sababu wavuvi ndio waliokuwa wanawapa samaki.

"Na walipoona hali samaki?" nikamuuliza.

"Walishazoea kumwita hivyo."

Nikamweleza habari ya Wahispania na nutria, jinsi walivyofika Argentina wakafanya vile vile. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, akauliza kama hao Wahispania nao walikuwa wanainua nyavu mapema.

Mpiga Kamusi, hili nimekuachia wewe.